Presha ni Nini, na Hupimwa kwa Kizio Gani?



Safari hii tumechagua neno ambalo halihitaji kutambulishwa, kwani hakuna nyumba isiyolijua. Neno hilo ni presha.

Tukisikia kwamba bibi ana presha, tunaelewa maradhi. Fundi wa gereji akisema tairi halina presha, tunaelewa kuwa upepo umepungua. Mama akilalamika kuwa maji ya bomba hayana presha, tunajua kuwa ndoo itachukua nusu saa kujaa. Na mwanafunzi anayehangaika siku ya mtihani huambiwa apunguze presha. Ukiondoa hiyo ya mtihani, zote zilizobaki ni kitu kimoja hasa. Kinachobadilika ni kizio, yaani kipimo kinachotumika kuhesabia, na kila kazi imejichagulia kizio chake.

Tofauti hiyo ya vizio si jambo dogo. Siku hizi nyumba nyingi zina mashine ndogo ya umeme ya kupimia presha ya damu, na baadhi ya mashine hizo zinaweza kuonyesha jibu kwa vizio viwili tofauti. Namba ya hatari ikisomwa kwa kizio ambacho msomaji hakijui huonekana ndogo na yenye salama. Huko tutafika, Insha Allah. Kwanza tuanze na msingi.

KANI NA ENEO

Vitabu vya fizikia vilivyoandikwa kwa Kiswahili vimelipa jambo hili jina zuri sana: kanieneo. Waliolitunga walifanya kazi kubwa, maana jina lenyewe limebeba maelezo yake. Kani ni nguvu inayosukuma au kuvuta. Eneo ni upana wa mahali ambapo nguvu hiyo inatua. Ukichukua kani ukaigawa kwa eneo, unapata kanieneo, yaani presha.

Tuchukue ndoo ya maji ya lita 10. Maji hayo yana kilo 10, na kwa hesabu ya haraka yanavuta kuelekea chini kwa kani ya nyutoni 100. (Kila kilo moja hapa duniani huvutwa kwa karibu nyutoni 10.) Ndoo hiyo ina mshikio wa waya mwembamba. Waya unapolala kwenye vidole hugusa ngozi kwa eneo dogo sana, tuseme sentimita 3 za mraba. Kabla ya kugawa ni lazima tugeuze sentimita za mraba kuwa mita za mraba, na hapa ndipo wanafunzi wengi wanapopotea kwenye mitihani: hugawa kwa 100 wakati walitakiwa wagawe kwa 10,000, kwa sababu mita moja ya mraba ni sentimita 100 kwa sentimita 100. Basi sentimita 3 za mraba ni mita za mraba 0.0003. Nyutoni 100 gawa kwa 0.0003 ni zaidi ya 333,000. Hiyo ndiyo presha iliyoko kwenye vidole vyako, na inapita presha ya upepo wa tairi la gari dogo! Si ajabu kwamba vidole huwa vyeupe na kuuma kabla hujafika nyumbani.

Sasa zungushia mshikio ule kitambaa kikuukuu mpaka unenepe, eneo lifike sentimita 20 za mraba. Maji ni yaleyale na uzito ni uleule, lakini presha imeshuka hadi 50,000. Mama zetu wanaotia ngata kichwani kabla ya kujitwika ndoo wanafanya jambo hilohilo: mzigo haupungui hata kidogo, bali unatandazwa. Na anayenoa kisu anafanya kinyume chake. Anapunguza eneo la makali, ili kani ndogo ya mkono izae presha kubwa itakayokata kitunguu badala ya kukiponda.

KIZIO KIITWACHO PASKALI

Jibu tulilolipata hapo juu, 333,000, linahesabiwa kwa paskali. Paskali moja ni kani ya nyutoni moja iliyotandazwa juu ya mita moja ya mraba. Ni presha ndogo mno. Karatasi moja ya daftari iliyolala juu ya meza huikandamiza meza kwa chini ya paskali moja. Kwa hiyo watu hutumia zaidi kilopaskali, ambayo ni paskali 1,000, na huandikwa kPa. Jina paskali lilipitishwa rasmi na mkutano wa kimataifa wa vipimo mwaka 1971, kwa kumkumbuka Blaise Pascal, mtaalamu wa Ufaransa aliyeishi kati ya mwaka 1623 na 1662.

Mtu atauliza, ikiwa kizio rasmi kipo, kwa nini gereji wanasema habari nyingine na hospitali nyingine? Sababu ni kwamba kazi hizo zilianza kupima kabla ya paskali kuzaliwa, na watu hawaachi mazoea kwa sababu mkutano umekaa. Tairi hupimwa kwa psi, ambayo ni pauni kwa kila inchi ya mraba, urithi wa vipimo vya Kiingereza. Geji nyingine za matairi zina mstari wa pili ulioandikwa bar, na bar moja ni paskali 100,000, sawa na psi 14.5. Geji nyingine za zamani huandika kilo kwa sentimita ya mraba, ambayo inakaribiana sana na bar. Watabiri wa hali ya hewa hutumia hektopaskali, na namba yao inaposhuka sana ni dalili ya dhoruba, kama ilivyokuwa kwa kimbunga Hidaya kilichofika pwani ya Tanzania mwezi wa Mei 2024. Hospitali nao wanatumia milimita za zebaki, ambazo huandikwa mmHg. Kilopaskali moja ni mmHg 7.5.

Kwa maoni yetu, hakuna ubaya wa kuwa na vizio vingi, mradi kila namba iandikwe pamoja na kizio chake. Namba peke yake ni sawa na kusema "nipe tano" dukani bila kutaja tano za nini. Mwaka 1999 chombo cha Marekani kilichotumwa kwenye sayari ya Mirihi kilipotea baada ya safari ya miezi tisa, kwa sababu upande mmoja wa wataalamu ulihesabu kani kwa pauni na upande wa pili ukadhani namba zile ni za nyutoni. Ikiwa walio na elimu ile yote waliteleza hapo, sisi tulio na geji za gereji tuna haki ya kuwa waangalifu zaidi.

HEWA NAYO INA UZITO

Kabla ya kufika kwenye damu ni lazima tuizungumze hewa, kwa sababu vipimo vingi vya presha huanza kuhesabu kutoka kwake.

Wanazuoni wa Kiislamu walilikaribia jambo hili mapema. Abd al-Rahman al-Khazini, aliyefanya kazi katika mji wa Merv, ambao leo uko Turkmenistan, aliandika mwaka 1121 kitabu kikubwa cha elimu ya mizani, Mizan al-Hikma. Humo alieleza kuwa kitu kinachopimwa ndani ya hewa hupunguziwa uzito na hewa ile, kama vile kinavyopunguziwa ndani ya maji, na kwamba hewa nzito na hewa nyepesi hazifanyi sawa. Kwa hakika ni fikra ya mbali kwa zama zile.

Miaka mia tano na zaidi baadaye, huko Italia, wachimbaji wa visima walikuwa na tatizo. Pampu zao za kuvuta zilikuwa zikikataa kupandisha maji zaidi ya mita 10 hivi, hata zitengenezwe kwa ustadi gani. Evangelista Torricelli, aliyekuwa msaidizi wa Galileo katika siku zake za mwisho, alifahamu kuwa pampu haivuti maji. Pampu huondoa hewa tu ndani ya bomba, na hewa iliyoko nje, kwa uzito wake, ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Uwezo wa hewa hiyo una mwisho. Mnamo 1643 na 1644 jambo hilo lilithibitishwa kwa zebaki, ambayo ni nzito mara 13.6 kuliko maji: hewa iliweza kuibeba zebaki ndani ya mrija wa kioo hadi kimo cha sentimita 76 tu. Hapo ndipo zilipotoka milimita 760 za zebaki, na ndiyo asili ya kizio ambacho daktari hukitumia mpaka leo.

Pascal akataka ushahidi zaidi. Ikiwa hewa inakandamiza kwa uzito wake, basi juu ya mlima, ambako hewa iliyobaki juu yetu ni kidogo, zebaki ni lazima ishuke. Tarehe 19 Septemba 1648 shemeji yake, Florin Périer, aliupanda mlima Puy de Dôme akiwa na mirija yake, huku chini akiwa ameacha mrija mwingine chini ya uangalizi wa mtu mwingine. Ule wa chini haukubadilika siku nzima. Ule wa juu ulishuka kwa zaidi ya sentimita 8.

Kwetu sisi mlima mrefu zaidi ni Kilimanjaro. Kileleni, mita 5,895, presha ya hewa ni karibu nusu ya ile ya ufukweni, ndiyo maana wapandaji hutweta na kuumwa na kichwa. Hata Nairobi tofauti inaonekana jikoni. Maji huko huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi badala ya 100, na maharage hukaa motoni muda mrefu zaidi kuliko Mombasa.

Habari ya pampu ya Torricelli si ya kale tu. Mpaka leo yuko mtu anayechimba kisima cha futi 40, akaweka mota ya maji juu ya ardhi, ikakataa kuvuta, akashauriwa anunue mota yenye nguvu zaidi. Futi 40 ni mita 12. Kazi ya kuyapandisha maji mpaka kwenye mota ni ya hewa, na hewa inaishia mita 10 na kidogo, tena kwa vitendo ni mita 7 au 8 kwa sababu bomba na maungio hayakosi kupitisha hewa. Mota ya nguvu maradufu haitasaidia kitu. Kinachotakiwa ni pampu ya kuzamisha, ile inayokaa ndani ya maji na kuyasukuma kutoka chini. Mwenye kulijua hili anaokoa fedha nyingi.

SIFURI IKO WAPI?

Presha ya hewa ufukweni ni takriban paskali 101,325, sawa na psi 14.7. Kwa maneno mepesi, kila sentimita moja ya mraba ya mwili wako inabeba uzito wa karibu kilo moja. Kiganja peke yake kinakandamizwa na uzito wa kiasi cha kilo 100, na hatuhisi chochote, kwa kuwa hewa inasukuma kutoka pande zote na ndani ya miili yetu presha ni hiyohiyo. Alhamdulillah.

Sasa, tairi lililopasuka lina hewa ndani au halina? Lina hewa, tena yenye psi 14.7 kama hewa ya nje. Lakini geji ya fundi inasoma sifuri. Hii ni kwa sababu geji ya tairi haihesabu kutoka mahali pasipo na hewa kabisa, bali inahesabu ile ziada iliyo juu ya hewa ya nje. Geji ikisoma psi 30, presha halisi ndani ya tairi ni kama 45. Mashine ya presha ya damu nayo ni hivyo hivyo. Ikisema 120, maana yake ni mmHg 120 juu ya presha ya hewa tuliyomo. Mtabiri wa hali ya hewa yeye huanza kwenye sifuri ya kweli. Kwa hiyo mwanafunzi akikutana na swali la presha kwenye mtihani aulize kwanza: tunahesabu kutoka wapi?

Maadamu tumelitaja tairi, tuseme neno moja. Gari la kilo 1,000 lenye matairi ya psi 30, yaani karibu kPa 200, linasimama juu ya eneo la kama sentimita 500 za mraba kwa matairi yote manne. Hilo ni dogo kuliko ukurasa mmoja mkubwa wa karatasi ya kuchapia! Upepo ukipungua nusu, eneo linakuwa maradufu, ubavu wa tairi unajikunja kila mzunguko, unapata moto, na katika mwendo wa kasi barabarani tairi hupasuka. Watu wengi wanadhani tairi hupasuka kwa kujaa sana. Mara nyingi ni kwa kupungua. Namba inayotakiwa imeandikwa na watengenezaji, kwa kawaida kwenye kibandiko karibu na mlango wa dereva. Ikiwa imeandikwa 2.2, hiyo ni bar, na ni sawa na psi 32.

TANGI LA MAJI

Misikiti na madrasa zetu nyingi zina tangi lililoinuliwa kwa ajili ya maji ya udhu. Maji yakitoka kidogo kidogo, mara nyingi kamati hukaa na kuamua kununua tangi kubwa zaidi. Tunasema kwa heshima kuwa ukubwa wa tangi hauongezi presha. Presha ya maji hutokana na kimo: kila mita moja ya kimo huleta karibu kPa 10, basi. Tangi la lita 500 na tangi la lita 5,000, kama maji yake yana kimo kimoja kutoka kwenye bomba, yatatoa presha ileile. Tangi la mita 3 linatoa kPa 30 tu, yaani bar 0.3. Liinue mpaka mita 6 na presha inakuwa maradufu. Tangi kubwa lina faida yake, nayo ni kuchelewa kuisha.

Jambo hili la kimo mlishike vizuri, kwa sababu tutalikuta tena kwenye mkono wa mgonjwa.

KWA WENZETU WA BAHARINI

Wapo katika familia zetu vijana wanaopiga mbizi kwa kazi, na kwao presha si somo la skuli. Kila mita 10 za maji ya bahari huongeza presha sawa na ya hewa yote iliyo juu ya dunia. Juu ya maji uko kwenye moja, mita 10 uko kwenye mbili, mita 20 tatu, mita 30 nne.

Anayezama kwa pumzi aliyoivuta juu, hewa ya kifuani mwake husinyaa akishuka na kurudi kama ilivyokuwa akipanda. Lakini anayevuta hewa ya mtungi au ya kompresa, kila pumzi anayoivuta chini imekwisha kukandamizwa. Akijaza mapafu lita 5 kwenye mita 10 kisha akazuia pumzi na kupanda, zile lita 5 zinataka kuwa lita 10 atakapofika juu. Mapafu hayana nafasi hiyo, na yanaweza kuchanika. Utaona kwamba hatari hii iko hata kwenye kina kifupi, kwa sababu mita 10 za mwisho ndizo ambazo presha hupungua nusu nzima. Kanuni ya kwanza ya mpiga mbizi wa mtungi ni kutozuia pumzi kabisa anapopanda.

Hatari ya pili haionekani mara moja. Chini ya presha kubwa, naitrojeni iliyomo katika hewa huingia ndani ya damu na nyama za mwili. Akipanda haraka hutoka kwa mapovu, mfano wa chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla. Mapovu hayo huleta maumivu makali ya viungo, ganzi, kupooza, na pengine kifo. Mwaka 1908 mtaalamu wa Uingereza, J. S. Haldane, pamoja na wenzake walichapisha majedwali ya kupanda kwa hatua, na kazi hiyo ndiyo msingi wa kanuni za leo. Kijana akitoka majini akaanza kuhisi ganzi au miguu kukosa nguvu, asiambiwe kuwa ni uchovu au ameguswa na kitu, na asirudishwe majini ati apone. Apelekwe hospitali na daktari aelezwe kina alichozama na muda aliokaa.

PRESHA YA DAMU

Moyo ni pampu. Unapojikunja husukuma damu ndani ya mishipa na presha hupanda. Unapolegea ili ujae tena, presha hushuka lakini haifiki sifuri. Ndiyo maana kuna namba mbili. Ya juu ni ya moyo ukijikunja, ya chini ni ya moyo ukilegea. Mkanda unaofungwa mkononi hujazwa upepo mpaka ubane mshipa, kisha hulegezwa pole pole. Njia hii ya mkanda ilibuniwa na daktari wa Italia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896, na mwaka 1905 daktari wa Urusi, Nikolai Korotkov, akaongeza kusikiliza mshipa kwa chombo cha sikioni.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu huhesabiwa kuwa na presha ya kupanda ikiwa katika siku mbili tofauti namba ya juu imefika mmHg 140 au zaidi, au ya chini imefika 90 au zaidi. Mwaka 2021 shirika hilo lilieleza kuwa watu wazima wa umri wa miaka 30 hadi 79 wenye hali hii duniani walikuwa wapatao bilioni 1.28, na karibu nusu yao walikuwa hawajui kuwa wanayo. Hawajui kwa sababu mara nyingi haiumi. Anayengoja kichwa kimuume ndipo apime, huenda akangoja mpaka akapata kiharusi.

Sasa turudi kwenye vizio. Baadhi ya mashine za nyumbani zina kitufe, au mpangilio ndani yake, unaobadilisha mmHg kuwa kPa. Mtoto akiichezea, au mashine ikitoka dukani ikiwa hivyo, namba zote hubadilika. Presha ya 120 kwa 80 itaonekana 16.0 kwa 10.7. Mpaka wa 140 kwa 90 utaonekana 18.7 kwa 12.0. Na 180 kwa 120, ambayo ni presha ya kutisha, itaonekana 24.0 kwa 16.0.

Tafakarini mzee anaumwa na kifua, mjukuu anampima, anaona 24 na 16. Nyumbani wamezoea kusikia mia na kitu. Watasema presha imeshuka mno, mleteeni maji ya chumvi! Na chumvi ndicho kitu cha mwisho anachokihitaji mtu huyo. Mgonjwa wa 180 kwa 120 mwenye maumivu ya kifua, au kichwa kikali, au udhaifu wa upande mmoja, au kupumua kwa shida, anatakiwa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo. Kwa hiyo, kabla ya kusoma namba yoyote, angalieni maandishi madogo yaliyo pembeni ya kioo cha mashine: mmHg au kPa. Ukiona nukta ndani ya namba, ni karibu yakini kuwa ni kPa. Zidisha kwa 7.5 na utapata mmHg.

Jambo la pili ni kile kimo tulichosema kwenye tangi. Damu nayo ni maji yenye uzito, na mwili ni kama nyumba yenye tangi. Mkono ukining'inia chini ya usawa wa moyo, kwa kila sentimita 10 mashine huongeza mmHg 7 au 8. Ukiushusha sentimita 20, mtu mwenye 128 anaandikiwa 143, na huenda akaanzishiwa dawa asizozihitaji. Ukiuinua juu ya moyo, mgonjwa wa kweli anaonekana mzima. Mashine za kufunga kwenye kifundo cha mkono ndizo zinazodanganya zaidi kwa njia hii, maana kifundo huenda popote. Sisi tunapendelea zile za mkono wa juu.

Basi mzee akae kwenye kiti chenye egemeo, miguu ikanyage chini bila kupandishwa mmoja juu ya mwingine, apumzike dakika tano, awe amekwenda haja ndogo, na asiwe amekunywa kahawa katika nusu saa iliyopita. Mkono ulale juu ya meza au mto, mkanda ukiwa sawa na moyo, juu ya ngozi na si juu ya shati. Mkanda uwe wa kumtosha, kwani mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba. Wakati mashine inafanya kazi asizungumzishwe. (Hili ni gumu katika nyumba zetu, tunajua.) Apimwe mara mbili, kwa kuachana dakika moja. Anayetumia dawa asiziache kwa sababu ya kipimo kimoja kizuri, maana huenda uzuri huo umeletwa na dawa zenyewe. Amuulize daktari wake kwanza.

Na kila kipimo kiandikwe kwenye daftari la kupelekwa kliniki. Mjukuu aliyesoma ukurasa huu anaweza kuwa karani: tarehe, saa, mkono uliotumika, namba ya juu, namba ya chini, na mwisho wa mstari, bila kukosa, mmHg.